Nikipita kijijini na bunduki ya kasiba mbili, watu hubadilika: ninyi wenzangu mnafanyaje?

Mjukuu wa Karani (Pangani)

Assalaam aleikum wazee wangu na ndugu zangu. Nina swali ambalo limenikaa moyoni tangu msimu uliopita, na ninaomba mnijibu kwa yale mliyoyaona wenyewe, kwa sababu mambo ya sheria nimekwisha kuyafuata.

Babu yangu alikuwa karani katika shamba la mkonge. Mwaka 1967, mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa, meneja wake, ambaye alikuwa Mgiriki, alimwuzia bunduki ya kasiba mbili, yaani yenye mitutu miwili, kabla ya kuondoka nchini. Ni bunduki ya zamani hasa: kasiba zimelala ubavu kwa ubavu, nyundo zake mbili ziko nje kama masikio ya punda, na tako lake la mbao limelika pale ambapo babu alikuwa akiegemeza shavu. Babu alipofariki tuliipeleka polisi kama inavyotakiwa, nami nikaomba kibali changu mwenyewe, nikasubiri mpaka nikapata. Nina leseni ya kuwinda kanga na kwale, ninafuata msimu, na siingii wala sikaribii mipaka ya Hifadhi ya Saadani.

Tatizo langu ni watu. Vijana wa vijiweni wakiiona hucheka na kutoa simu wapige picha, na mmoja aliniuliza kama hiyo ndiyo iliyokuwa ya Abushiri, yule aliyepigana na Wajerumani hapa pwani. Wawindaji wenzangu wenye shotigani za pampu, zile za kasiba moja zinazobeba risasi kadhaa na kukokwa kwa mkono, huniambia kwamba ninajisumbua, kwamba kundi la kanga likiruka mtu anahitaji risasi tano na mimi nina mbili tu. Hayo ninayavumilia. Lililoniumiza ni jingine. Mwezi wa nane nilipita kisimani katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, bunduki iko begani, na mama mmoja aliyekuwa akiteka maji alimvuta mwanawe nyuma yake, akaacha ndoo ikamwagika. Sikusema kitu, nilisalimia tu nikaendelea. Nusu saa baadaye mgambo wawili walinikuta njiani, wakanirudisha ofisi ya kijiji, nikakaa pale kwa muda wa karibu saa tatu huku karatasi zangu zikipita mkono hadi mkono, na nje watu wakisema kwa sauti kwamba jangili amekamatwa. Waliniachia baadaye kwa heshima, lakini ile ndoo iliyomwagika siisahau.

Je, nanyi mnaowinda kwa bunduki za namna hii mnakutana na haya? Mtu ajiweke vipi ili asiwatishe watu? Au niseme ukweli kwamba wakati wake umepita, niirudishe, ninunue nyingine?

Mzee wa Kaole (Bagamoyo)

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimewinda kwa kasiba mbili tangu nikiwa kijana, na kabla ya hapo nilikuwa mbeba mfuko wa baba yangu mdogo katika mapori ya ng'ambo ya Mto Wami, kwa hiyo niruhusu nikueleze kwa kirefu kidogo.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na neno lililonishtua ni moja: umesema ulipita kisimani bunduki iko begani. Mwanangu, bunduki yako ina jambo ambalo zile za pampu hazina, nalo ni kwamba inavunjika katikati. Ukisukuma ule wenzo wa juu, kasiba zinainama, na matundu mawili yanabaki wazi, kila mwenye macho akaona kuwa hamna kitu ndani. Baba yangu mdogo hakupata kuingia hata kwenye boma la mtu mmoja akiwa amefunga bunduki. Akifika kwenye mti wa kwanza wa kijiji, uwe mwembe au mnazi, alisimama, akaivunja, akatoa risasi akazitia mfuko wa kulia, kisha akailaza bunduki juu ya mkono wa kushoto, midomo ikitazama chini, na ndivyo alivyotembea mpaka anatoka upande wa pili. Watoto walikuwa wakimkimbilia kutaka kuchungulia kwenye matundu waone mwanga. Ndiyo, walikuwa watoto wa zamani, lakini naamini kwamba mama yule wa kisimani angekuona umebeba namna hiyo, na ukatoa salamu ukiwa mbali, angekuwa na nafasi ya kufikiri kabla ya kuogopa.

Kumbuka vilevile kwamba sisi tunaijua bunduki hii ni ya ndege, lakini asiyewinda haijui. Yeye anaona bunduki. Watu wa huku pwani wamezoea kuiona bunduki mikononi mwa aina tatu za watu: askari, jangili na mnyang'anyi. Wewe ni wa nne, na hujaandikwa usoni.

Kuhusu wanaokucheka kwamba una risasi mbili, hapo nitasema kwa uchungu kidogo kwa sababu ni jambo ninalolipenda. Mbili zinatosha. Kasiba ya kulia mdomo wake kwa kawaida umeachwa wazi zaidi, marisaa yake, yaani zile chembe ndogo zilizomo ndani ya risasi, yanatawanyika mapema, na hiyo ndiyo ya ndege anayeruka karibu. Ya kushoto imebanwa kidogo mdomoni, marisaa yanakwenda yameshikana, nayo ni ya ndege ambaye amekwisha kupata mwendo. Kifyatulio cha mbele ni cha kulia, cha nyuma ni cha kushoto, na kidole chako kinachagua kwa wakati uleule ambao jicho linapima umbali. Hakuna pampu inayokupa uchaguzi huo wa papo kwa papo. Na baada ya mbili, unalazimika kusimama. Unaivunja, unasikia harufu ya baruti, unatazama wapi ameangukia. Kanga aliyejeruhiwa hukimbia kuliko anavyoruka, na asiyesimama kutazama humpoteza majanini, akaenda kufa bila faida kwa mtu yeyote. Hatua thelathini, thelathini na tano, piga. Zaidi ya arobaini mwache aende, hata kama una risasi kumi.

Liko na suala la kuchinja. Sisi wengi wa pwani hii tulifundishwa katika madhehebu ya Shafii, na wazee wetu hawakuridhika na ndege aliyekufa kwa marisaa tu, ingawa najua kwamba wanazuoni wamehitilafiana katika hilo. Baba yangu mdogo alisema Bismillahi kabla ya kufyatua, kisha mimi nilikuwa na kisu mkononi, kazi yangu ni kukimbia nimwahi ndege akiwa na uhai. Ndiyo maana hakupenda kupiga mbali. Kuna siku alinirudisha nyumbani mikono mitupu, kwa sababu kanga watatu wa mwisho walikuwa ng'ambo ya korongo na aliona kwamba sitawawahi. Watu wa mtaa walipoona kwamba nyama anayoileta imechinjwa na inaliwa na kila mtu, na kwamba siku nyingine harudi na kitu, hawakumwita jangili. Jangili harudi mikono mitupu akacheka.

Usiirudishe. Kwanza ibebe ikiwa imevunjwa, kisha uje utuambie.

Binti wa Maramba (Mkinga)

Nawasalimu wote. Mimi si mwindaji, na sijawahi kushika bunduki, lakini naomba nafasi kwa kuwa mada inahusu watu wanaowaona ninyi, na mimi ni mmoja wao.

Mzee wa Kaole amesema vizuri kuhusu askari, jangili na mnyang'anyi. Kwa familia yetu kuna wa nne aliyetangulia wote. Bibi yangu mzaa mama alikata mkonge tangu msichana, na hadi alipofariki hakuweza kukaa chumba kimoja na bunduki ya kasiba mbili. Bunduki ndefu za askari hazikumsumbua kiasi hicho. Aliziona kwenye gwaride akatazama kama watu wengine. Ile ya kasiba mbili ndiyo iliyokuwa ikining'inia nyuma ya kiti cha meneja siku ya kulipwa mshahara, na ndiyo msimamizi aliyotembea nayo kwenye mistari ya mkonge jioni, akipiga njiwa juu ya vichwa vya wakataji waliokuwa bado hawajamaliza hesabu ya mafungu. Bibi alikuwa akisema kwamba marisaa yaliyokwisha nguvu yaliwanyeshea kama mchele. Hayakumjeruhi mtu. Lakini yeye aliinamisha kichwa kila mara, na msimamizi aliliona hilo akaendelea kupiga.

Kwa hiyo ndugu yangu Mjukuu wa Karani, unaposema bunduki yako ilitoka kwa meneja wa shamba la mkonge, unasema kwa fahari, na nina hakika babu yako aliitumia kwa heshima. Fahamu tu kwamba katika wilaya zetu hizi, kuanzia Muheza hadi Korogwe na huko kwenu Pangani, wako wazee wanaoitambua kwa umbo lake kabla hawajakutambua wewe. Ukimwona mzee anageuza uso, usidhani kwamba anakudharau au kwamba anakuona jangili. Huenda anamwona mtu mwingine kabisa.

Nina maombi matatu, nayo ni ya kawaida. Siku moja kabla ya kuwinda, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji au balozi wa nyumba kumi, umwambie ni upande gani utakuwepo na saa ngapi, ili mlio ukisikika mtu asiseme kuna uvamizi. Alfajiri msipige karibu na njia za kuni, kwa sababu wanawake na wasichana huwa wameshaingia porini wakati ninyi bado mnafikiri mko peke yenu. Na tafadhali okoteni maganda ya risasi. Mdogo wangu aliwahi kuleta nyumbani maganda mekundu sita, akawa anayapuliza kama filimbi, midomo yake imejaa weusi wa baruti. Mama aliyanyakua akayatupa chooni, na tangu siku hiyo kila anayepita na bunduki, awe nani, hukutana na maneno ya mama yangu.

Tena kuhusu ile nyama, kwa kuwa tumefika hapo. Lugha yetu yenyewe inatuonya, maana risasi inayotoka kwenye bunduki na ile madini ya risasi ni neno moja, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama wajawazito. Mkitupa zawadi ya kanga, kwanza kata na utupe sehemu iliyopigwa, msituachie sisi jikoni kutafuta chembe kwa ulimi. Shangazi yangu alivunjika jino kwenye pilau ya harusi.

Fundi wa Mitambo (Tanga mjini)

Nimefurahi kuona mjadala huu unakwenda kwa adabu. Mimi nitaongeza upande mmoja ambao naona umeachwa, nao huenda ni mkubwa kuliko yote.

Ndugu mwuliza swali, umetueleza jinsi watu wanavyoichukulia bunduki yako. Umewahi kuuliza kama hofu yao ina msingi hata kwa sababu ambayo wao wenyewe hawaijui? Bunduki ya kasiba mbili yenye nyundo za nje, iliyokuwa tayari imetumika mwaka 1967, inaweza kuwa imetengenezwa miaka mingi kabla ya hapo, hata mwishoni mwa karne ya 19. Baadhi ya bunduki za wakati huo kasiba zake si bomba moja la chuma. Zilifanywa kwa vipande vya chuma laini na chuma kigumu vilivyosokotwa pamoja kama ukili, vikazungushwa kwenye fimbo na kufuliwa vikashikana. Ukizisafisha vizuri utaona madoa ya mawimbi yanayopendeza sana, na watu hudhani ni mapambo. Kasiba hizo zilikusudiwa baruti nyeusi, ile yenye moshi mwingi. Risasi za dukani siku hizi zinatumia baruti isiyo na moshi, na kasiba iliyosokotwa yenye kutu ndani ya mishono yake inaweza kupasuka mbele ya mkono wako wa kushoto. Aliyesimama kushoto kwako naye hatasalimika.

La pili ni urefu wa chemba, yaani pale nyuma ya kasiba risasi inapokaa. Bunduki namba 12 huitwa hivyo kwa sababu mpira wa madini ya risasi unaoenea katika kasiba yake una uzito wa sehemu moja ya kumi na mbili ya ratili, na tundu lake ni karibu milimita 18.5. Hilo halijabadilika, ndiyo maana risasi yoyote ya namba 12 inaweza kuingia na kukudanganya. Kilichobadilika ni urefu. Bunduki nyingi za zamani za Ulaya zina chemba ya milimita 65, na risasi zinazouzwa sasa nyingi ni za milimita 70. Urefu huo unapimwa ganda likiwa limekwisha kufunguka, na ndiyo sababu risasi ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila shida yoyote. Tatizo linatokea inapolipuka, kwa maana mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka, unabana njia, na nguvu iliyomo ndani inapanda kupita kiasi. Mtu anaweza kupiga hivyo mara nyingi akajiona salama, huku bawaba inalegea kidogo kidogo.

Basi fanya hivi. Thibitisha kwanza kwamba haina risasi, zitoe kasiba kwenye tako, uzigeuze utazame chini yake, karibu na chemba. Utaona alama ndogo zilizogongwa. Kama ni ya Uingereza zitakuwa za nyumba ya kupimia bunduki ya London au ya Birmingham, ambayo iko tangu 1813. Kama ni ya Ubelgiji utakuta herufi ELG ndani ya umbo la yai, yaani Liège. Mara nyingi urefu wa chemba umeandikwa hapohapo, 65 au 70. Usijaribu kujisomea peke yako ukaamua. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, apime, na kabla ya hapo usipige hata risasi moja. Ushike kasiba kwa kidole kimoja zikining'inia, uzigonge polepole kwa ukucha: zikilia kama kengele ni dalili njema kwamba zimeshikana vizuri, zikitoa sauti ya chungu kilichopasuka, ziweke chini. Dalili tu, si hukumu. Na usije ukatumia risasi zenye marisaa ya chuma kwenye bunduki hiyo, hata ukipewa bure. Kasiba zake ni laini mno.

Narudi kwenye swali lako. Ukiambiwa kwamba bunduki yako ni ya makumbusho, usikasirike kabla hujapima. Inawezekana kijana yule amesema kweli bila kujua.

Mwindaji wa Handeni

Mimi ni mmoja wa hao wenye pampu, na nakiri kwamba nimewahi kumcheka mtu kama wewe, akiwa palepale amesimama. Alikuwa mzee, amevaa msuli na shati la kaki, tulikutana kwenye shamba la mahindi ambako sote tulikuwa tumepewa ruhusa ya kuwafukuza kanga waliokuwa wakifukua mbegu. Nilipiga risasi tano kwenye kundi, wakaanguka wanne nilioweza kuwahesabu. Yeye alipiga mbili, akaanguka mmoja. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kesho yake asubuhi mwenye shamba aliniita akanionyesha kanga wawili chini ya mti wa mkwaju, mmoja amekufa, mwingine bado anavuta bawa. Walikuwa wangu, hakuna shaka, kwa sababu yule mzee hakuwa amepiga upande ule. Mwenye shamba hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilitazama walikoangukia. Tangu hapo natia risasi mbili kwenye pampu yangu, na wenzangu wananicheka mimi. Sina zaidi ya hayo, isipokuwa kukuomba radhi kwa niaba ya waliokucheka.

Mwalimu Mstaafu (Bagamoyo)

Ndugu zangu, naingia kwa ufupi kwa sababu ya lile jina la Abushiri lililotajwa kwa mzaha. Yule kijana alikosea, lakini mzaha wake una asili. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka uliofuata mataifa ya Ulaya na mengineyo yalitia saini Mkataba wa Brussels uliozuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini. Zilizoachiwa mlango, na kwa masharti, ni zile za gumegume, yaani za kuwashwa kwa jiwe, za kushindilia kwa mdomoni. Ndiyo maana kwa vizazi kadhaa babu zetu walijua gobore, na bunduki inayovunjwa katikati na kutiwa risasi kwa nyuma ikawa ni kitu cha mzungu, cha afisa na cha meneja. Aliyoyasema Binti wa Maramba kuhusu bibi yake yametoka mbali. Karani wa mkonge kuimiliki bunduki ya namna hiyo mwaka 1967, kwa kibali chenye jina lake mwenyewe, lilikuwa jambo kubwa mno, na ningependa kujua watu wa wakati ule walimtazamaje.

Mjukuu wa Karani (Pangani)

Shikamooni wazee wangu, na ahsanteni nyote. Imepita miezi miwili na nimeona ni haki nirudi kueleza.

Nimeanza na ya Fundi, maana yalinikosesha usingizi. Nilizitoa kasiba nikazigeuza mchana kweupe. Chini ya vumbi la mafuta yaliyoganda niliikuta ile ELG ndani ya umbo la yai, na pembeni yake, kwa tarakimu ndogo kama punje ya mtama, 65. Miaka yote hii nimekuwa nikitia risasi za 70. Nilikaa kitako barazani nikatetemeka, sina aibu kulisema hilo, kwa sababu mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka kumi na mmoja ndiye anayenibebea mfuko, na husimama kushoto. Fundi mwenye leseni ameipima, akaniambia kwamba kasiba ni za chuma cha kawaida wala si za kusokotwa, ila bawaba imelegea kwa kiasi kinachorekebishika. Ameirekebisha. Sijapiga tangu hapo.

Hata hivyo nimeibeba. Baada ya kutoka kwa fundi nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kilekile, nikaingia kupitia mwembe wa kwanza, bunduki imevunjwa juu ya mkono wa kushoto kama alivyoelekeza Mzee wa Kaole. Vijana walitoa simu kama kawaida, lakini safari hii mmoja alisogea akauliza kwa nini imekatika, nikamwonyesha, akachungulia, akawaita wenzake. Mwenyekiti tumekubaliana siku na upande, na ameliandika kwenye daftari lake.

Kisimani nilimkuta mama yule. Nilimsalimia nikiwa mbali, nikasimama. Aliitikia. Alimhamisha mtoto upande wa pili wa ndoo, taratibu, bila kumvuta, na akaendelea kuteka. Sikuongeza neno.

Mwalimu ameuliza watu walimtazamaje babu. Nilimwuliza mama yangu mkubwa, ambaye wakati ule alikuwa msichana. Anasema kwamba siku babu alipoileta nyumbani kutoka shambani, wakata mkonge wa kambi nzima walikuja kuitazama, na mmoja wao, mwanamke, aliomba aishike. Babu akaivunja, akampa. Akaishika kwa muda mrefu bila kusema, kisha akairudisha na kwenda kunawa mikono. Mama mkubwa hajui kwa nini alinawa. Binti wa Maramba, nilipoyasikia hayo nilikufikiria wewe na bibi yako.

Sasa nina swali moja jingine la kawaida kabisa: ni nani anayejua duka lenye kibali, hapa Tanga au Dar es Salaam, linaloagiza risasi namba 12 za milimita 65, marisaa ya kanga? Nimeuliza kwenye maduka mawili, na kote nimejibiwa kwamba zile za 70 zinaingia tu.